Miaka Mingapi, na Miaka ya Aina Gani

Mtoto akizaliwa usiku katika boma la Kochia au Kagan, huenda akaitwa Otieno, au Atieno akiwa msichana. Jua likiwa utosini, ni Ochieng'. Kabla ya adhuhuri ni Onyango, jioni ni Odhiambo. Mvua ikinyesha, Okoth. Halafu kuna majina yenye habari nzito zaidi: Akech alizaliwa wakati wa njaa, Obonyo wakati nzige wametua. Nenda Rangwe leo, keti na mzee yeyote, na huenda jina lake likakuambia saa aliyozaliwa, hali ya hewa ya siku hiyo, hata msiba uliokuwa umeikumba nchi. Kitu kimoja tu halikuambii: mwaka.

Kwa karani wa sensa, mwaka ndio kila kitu. Ndiyo maana makarani walibeba kalenda ya matukio ya eneo lao: njaa fulani, vita fulani, mwaka ambao shule ilifunguliwa, mwaka wa Uhuru. Mzee anasema alikuwa anachunga mbuzi wanaume waliporudi kutoka Burma, karani anapiga hesabu, anaandika namba. Mara nyingi namba yenyewe inaishia na 0 au 5, kwa sababu hivyo ndivyo binadamu wanavyokisia. Ukitazama sensa za zamani utadhani Kenya nzima ilizaa watoto kila baada ya miaka mitano.

Hii ni historia ya watu waliojaribu kukisia mambo mawili kuhusu Rangwe na majirani zake: mtu ataishi miaka mingapi, na kati ya hiyo, mingapi ataishi akiweza kutembea, kuona na kujihudumia. Walikosea mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Kosa la tatu linapikwa sasa hivi, na hilo linatuhusu sisi tulio na miaka ishirini na kitu.

Mwanatakwimu bila daftari

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifanya sensa ya kwanza iliyojaribu kuhesabu Waafrika wote wa Kenya. Ilipata watu milioni 5.4 nchi nzima. Mwaka huohuo kijana mmoja wa Kiskoti, William Brass, alianza kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Alikaa hadi 1955.

Tatizo lililomkabili lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulitatua. Ulaya, wastani wa umri wa kuishi ulipigiwa hesabu kutoka kwenye kumbukumbu: nani kazaliwa lini, nani kafa lini. Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alifanya hivyo mwaka 1693 akitumia daftari za vifo za mji wa Breslau. Huku kwetu daftari haikuwepo. Mtu alizaliwa nyumbani, akafa nyumbani, akazikwa nyumbani. Waliojua walijua, na serikali haikuwa miongoni mwao.

Brass aliacha kutafuta vyeti, akaanza kutafuta maswali. Muulize mama: umezaa watoto wangapi? Wangapi wako hai? Mama anaweza asijue mwaka aliozaliwa, lakini hawezi kuwasahau aliowazika. Ukikusanya majibu ya kina mama wa rika tofauti, unaweza kukadiria ni watoto wangapi kati ya elfu hufariki kabla ya mwaka mmoja, miwili, mitano. Baadaye yeye na wenzake wakaendeleza swali jingine la kupima vifo vya watu wazima: mama yako yu hai? Baba yako je? Ukijua umri wa anayejibu, jibu la "ndiyo" au "hapana" linakupa fununu ya vifo vya kizazi cha wazazi wake.

Mbinu hizo zilisambaa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hadi leo karani akiingia boma lenu na kuuliza kama mama ya fulani bado yuko, anatembea katika nyayo za maswali ya Brass.

Kwa kutumia hesabu za aina hii, Kenya ilijichorea mstari. Sensa ya 1962 iliweka wastani wa umri wa kuishi kwenye miaka 44 hivi. Mwaka 1969 ulikaribia 50. Mwaka 1979 ukawa 54. Mwaka 1989 ukafika 60.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi huelewa vibaya. Wastani wa miaka 44 hausemi kwamba watu walikuwa wakianguka wakifika 44, wala hausemi wazee hawakuwepo. Wazee walikuwepo. Mila za Wajaluo zilimpa mwanamke mzee kazi kubwa: watoto walilala katika nyumba ya bibi, siwindhe, wakifundishwa maisha. Kilichovuta wastani chini ni watoto wachanga. Wawili wakiishi miaka 70 na mmoja akafa kabla ya kutimiza mwaka, wastani wao unakuwa 47 hivi, ingawa hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 47. Ukimwokoa yule mtoto mmoja, wastani unaruka. Chanjo, elimu ya mama, maji safi na zahanati ndivyo vilivyosukuma mstari juu kati ya 1962 na 1989.

Na mstari ukipanda hivyo miaka thelathini, nani asingeupanua kwa penseli? Mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata ulitangaza lengo la afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Ukisoma takwimu za 1989, lengo hilo halikuonekana kama ndoto.

Wastani unaoficha

Kosa la kwanza lilikuwa tayari ndani ya mstari wenyewe. Ulikuwa mstari wa Kenya nzima, na Kenya nzima haiishi mahali popote. Watu wanaishi Nyeri, wanaishi Garissa, wanaishi Rangwe.

Kumfuata mtu wa Rangwe katika karatasi za serikali ni kazi. Mwaka 1948 alikuwa wa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo kabla ya hapo iliitwa Kavirondo Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wilaya ikagawanywa, Migori ikaenda zake, naye akawa wa Homa Bay. Wilaya zikakatwa tena. Mwaka 2013 zikaja kaunti, na eneo bunge la Rangwe likatenganishwa na mji wa Homa Bay, likabaki na wadi nne: Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Huyo mtu hajasonga hata hatua moja, boma ni lilelile, lakini kwenye takwimu amehamahama kama mfugaji. Kila mpaka ukichorwa upya, kulinganisha jana na leo kunakuwa kugumu zaidi.

Hata hivyo pengo lilionekana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulipata kwamba katika mkoa wa Kati, watoto 54 kati ya kila 1,000 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika Nyanza walikuwa 206. Soma tena hiyo namba: mtoto mmoja kati ya watano. Malaria ya kandokando ya ziwa ilichangia sana. Lakini kufikia 2003 kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyouvunja mstari kabisa.

Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Katika Dholuo ugonjwa ulipewa jina ayaki. Wengine waliona mtu anakonda na kukauka, wakasema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Serikali nayo ilichukua muda wake: ni Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa. Sensa ya mwaka huohuo ilionyesha wastani wa umri wa kuishi umeshuka hadi 57. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliuweka chini zaidi ya hapo.

Na huo bado ni wastani wa nchi. Ng'ambo ya ghuba, katika Asembo na Gem (ile Gem ya Siaya, si Gem ya Rangwe), watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani walikuwa wanatembelea boma moja baada ya jingine, mwaka mzima, wakiandika kila kuzaliwa na kila kifo. Ni daftari ambayo Brass hakuipata. Matokeo waliyochapisha mwaka 2005 yalisema wastani wa umri wa kuishi pale ulikuwa miaka 38. Chini ya ule wa Kenya nzima mwaka 1962. Miaka arobaini ya maendeleo ilikuwa imefutwa, na mtu aliyekuwa anatazama mstari wa nchi peke yake asingejua ukubwa wa shimo.

Ukimwi ulivunja hata chombo cha kupimia. Swali la "mama yako yu hai?" linategemea jambo moja ambalo mtu halifikirii: mtoto abaki wa kujibu. Mama mwenye virusi akifariki, na mtoto aliyemwambukiza akafariki pia, hakuna anayebaki kusema "mama yangu hayuko". Kifo kinakosa shahidi. Kwa hivyo pale ambapo kina mama walikufa zaidi, ndipo mbinu ilipohesabu vifo pungufu. Wanatakwimu walilazimika kubuni marekebisho, maana swali zuri la zamani lilikuwa limekutana na ugonjwa ambao halikuumbiwa.

Walioambiwa hawatafika

Sasa kosa la pili, ambalo lilienda upande wa pili.

Kufikia mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, ila bei yake kwa mgonjwa mmoja ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Kihindi, Cipla, ilijitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 hivi. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mali ya viwandani iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu.

Swali likawa: je, Waafrika wataweza kuzimeza? Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa USAID, alidai mwaka 2001 kwamba dawa hizo zinahitaji kumezwa kwa saa maalum, na Waafrika wengi hawajui kufuata saa. Ati tunajua tu asubuhi, mchana, jioni na usiku. Alikuwa anazungumzia bara ambalo ndani yake kuna watu wanaoitana Onyango, Ochieng', Odhiambo na Otieno. Kwa watu hao, asubuhi, mchana, jioni na usiku ndizo saa zenyewe.

Novemba 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa hizo bila malipo katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, hatua chache kutoka Rangwe kwa matatu. Walikuwa pale tangu miaka ya tisini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa hospitali ya umma nchini Kenya kutoa tiba hiyo bure. Watu walizimeza, kwa saa. Mwaka 2006 serikali ikafuta malipo katika hospitali zote za umma. Vyandarua vikagawanywa kwa wingi. Mwaka 2014, utafiti uleule wa kitaifa ulikuta vifo vya watoto wa Nyanza vimeshuka kutoka 206 hadi 82 kwa kila 1,000. Sensa ya 2019 ikaweka wastani wa umri wa kuishi Kenya kuwa miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake.

Kwa hivyo waliouchora mstari ukipanda milele walikosea, na waliosema Nyanza imekwisha walikosea pia. Wa kwanza hawakukiona kifo. Wa pili hawakuuona uzee.

Piga hesabu hii ndogo. Mtu aliyekuwa na miaka 35 alipomeza kidonge cha kwanza Homa Bay mwaka 2001, mwaka 2026 anatimiza 60. Ukoo ulikuwa umeshaanza kuzungumzia mazishi yake. Sasa yeye ni mzee wa boma. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima 19.6 kati ya kila 100 katika kaunti ya Homa Bay wanaishi na virusi, wakati nchi nzima ilikuwa 4.9. Kwa lugha nyingine, Homa Bay inaelekea kuwa na kizazi cha wazee ambacho dunia haijawahi kukiona kwa wingi hivyo: watu waliobeba virusi na vidonge kwa nusu ya maisha yao. Hakuna daftari ya Breslau ya kuwatabiria hao.

Miaka mingapi yenye nguvu?

Kuishi ni jambo moja. Kuishi vipi ni jingine. Dunia ilianza kulibishania hili miaka ya sabini. Mwaka 1977 daktari wa Marekani, Ernest Gruenberg, alionya kuhusu alichokiita kushindwa kwa mafanikio: tiba inamzuia mtu asife, lakini haimponyi, basi anaishi muda mrefu zaidi na maradhi yake. Mwaka 1980 mwenzake James Fries alikuja na hoja iliyo kinyume. Alisema tukiishi vizuri, maradhi yatasukumwa hadi mwisho kabisa, na mtu atakuwa na nguvu hadi miaka yake michache ya mwisho.

Nani yuko sahihi? Lazima upime, na kupima kulipata njia nyepesi mwaka 1971, kutoka kwa Mmarekani aitwaye Daniel Sullivan. Tuseme katika kijiji fulani, watu wenye miaka 60 hadi 70 wanaishi jumla ya miaka 1,000. Na tuseme ukiwauliza, watatu kati ya kumi hawawezi kutembea bila taabu kubwa. Basi miaka 300 kati ya ile 1,000 ni ya ulemavu, na 700 ni ya nguvu. Fanya hivyo kwa kila rika, jumlisha, gawanya. Sasa una namba mbili badala ya moja: miaka ya kuishi, na miaka ya kuishi bila ulemavu.

Kwa Kenya ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, ambalo hesabu zake zina mbinu tofauti na za sensa, lilikadiria wastani wa miaka 66 ya kuishi, na takriban 58 kati yake ikiwa ya afya njema. Pengo ni kama miaka minane. Miaka minane ni muda wa kutosha mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza la nane la zamani. Katika muda huo wote kuna mtu anayemshika mzee mkono kwenda chooni, na kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke, na hakuna anayemlipa.

Nchi zenye daftari nzuri hutumia hesabu za aina hii kujiandaa. Mwaka 2017 watafiti Uingereza walichapisha utabiri kwamba kati ya 2015 na 2025 idadi ya watu wenye ulemavu waliozidi miaka 65 katika England na Wales ingeongezeka kwa robo, hadi milioni 2.8. Sababu kubwa haikuwa kwamba wazee wa kule wanazidi kudhoofika. Ni kwamba wazee wenyewe wanakuwa wengi. Utabiri kama huo unamwambia waziri mapema: tafuta wahudumu, tenga pesa, jenga njia za viti vya magurudumu.

Ili kumfanyia mtu wa Rangwe hesabu hiyo unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni vifo, na hadithi yake tumeisikia. Cha pili ni ulemavu. Twende huko.

Namba inayofuata swali

Sensa ya 1989 iliuliza kuhusu ulemavu, ikapata chini ya mtu mmoja kati ya mia. Utafiti maalum wa kitaifa uliotolewa 2008 ulipata asilimia 4.6. Sensa ya 2009 ikapata asilimia 3.5. Ya 2019 ikapata asilimia 2.2. Je, ina maana Wakenya milioni kadhaa walilemaa halafu wakapona kati ya 1989 na 2019? La. Swali lilibadilika.

Ukimuuliza mtu kama nyumbani kwake kuna mlemavu, anasikia neno lenye aibu ndani yake, na anasema hakuna. Mwaka 2019 Kenya ilitumia maswali ya kikundi cha Washington, kilichoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Hayataji ulemavu kabisa. Yanauliza kama una ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, kiasi, sana, au siwezi kabisa. Katika hesabu ya mwisho, anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu "sana" au "siwezi kabisa". Aliyesema "kiasi" anaachwa nje.

Hata kwa kipimo hicho kikali, Homa Bay ilijitokeza. Asilimia 4.3 ya watu wake, karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Embu tu ndiyo iliyokuwa juu kidogo, 4.4. Makueni na Siaya zilifuata kwa 4.1. Kaunti za kaskazini mashariki, zenye watoto wengi, zilikuwa chini kabisa. Nchi nzima, ugumu uliotajwa zaidi ulikuwa wa kutembea, na wanawake walikuwa 57 kati ya kila 100 waliohesabiwa.

Itazame orodha hiyo, halafu ufikirie stendi ya mabasi ya Machakos, hapa Nairobi. Embu, Makueni, Siaya, Homa Bay: ni kaunti ambazo vijana huziacha. Tunakuja mjini na miguu yetu yenye nguvu, tunahesabiwa Pipeline na Kayole, nyumbani wanabaki wazee na watoto. Asilimia ya ulemavu inapanda kule kwa sehemu kwa sababu sisi tuko huku. Nusu ya namba ya Rangwe iko kwenye bedsitter Nairobi ikisoma makala hii.

Sehemu nyingine ni historia iliyoandikwa mwilini. Wengi waliotibiwa miaka ya kwanza walipewa mchanganyiko wenye dawa iitwayo stavudine. Iliokoa maisha, na pia iliua mishipa ya fahamu ya miguu ya baadhi yao, ikawaachia ganzi na maumivu ya moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliagiza iachwe hatua kwa hatua. Gruenberg angelitambua jambo hilo mara moja. Ongeza presha na kisukari, ambavyo vinafuata umri, na kiharusi kinachofuata presha. Kliniki iliyojengwa kuzuia kifo sasa inahitaji mashine ya kupima presha, miwani, fimbo, na mtu wa kumfundisha mgonjwa wa kiharusi kushika kijiko.

Kati ya 60 na 70

Kosa la tatu ndilo hili: tunapanga kana kwamba kazi ilikuwa kuwafikisha tu.

Katiba ya 2010 inasema mzee ni mtu aliyefika miaka 60, na ibara ya 57 inampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Inua Jamii, mpango wa pesa za wazee, unaanzia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kati ya namba hizo mbili kuna miaka kumi. Kwa mwanamke wa Kochia ambaye alizika mume, akalea wajukuu walioachwa, akameza vidonge tangu 2003, na sasa miguu imekataa, miaka hiyo kumi ndiyo inayoamua kama atauza kipande cha shamba au la. Na hata akifika 70 kuna kitambulisho. Kumbuka karani na kalenda yake: kama mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa na ukakosewa kwa miaka mitano, hiyo ni miaka mitano ya kusubiri zaidi. Jina linasema alizaliwa wakati wa njaa. Mfumo unataka tarehe.

Wakenya waliofika 60 walikuwa milioni 2.7 katika sensa ya 2019, kati ya watu milioni 47.6. Ni wachache, na ndiyo sababu hawasikiki. Lakini tazama upande wetu. Tulizaliwa wakati ule watoto walikuwa wameanza kutokufa. Wewe mwenye miaka 25 mwaka huu utafika 60 kabla ya 2065, pamoja na rika lako lote, wengi kuliko rika lolote la wazee ambalo nchi hii imewahi kuwa nalo. Na wengi wetu hatuna pensheni, hatuna mashamba ya kurudia, na watoto tunaopanga kuzaa ni wawili, si saba. Nyumba ya bibi, siwindhe, ilikuwa mfumo. Hatujajenga wa kuurithi.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Karani atafika boma la ushago, na atakayejibu ni aliyepo. Mara nyingi ni kaka mkubwa, au jirani, au kijana aliyekuja kwa mazishi wikendi hiyo. Ataulizwa kama nyanya ana ugumu wa kutembea. Nyanya mwenyewe atakuwa pale, amekaa kwenye mkeka, na kwa heshima yake kijana atasema "kiasi tu". Karani atatia alama, na nyanya atakuwa ameondoka kwenye asilimia ya Rangwe, kwenye bajeti ya kaunti, na kwenye kila utabiri utakaotengenezwa kutoka kwa namba hizo hadi mwaka 2039.

Basi mkipigiana simu wikendi hii, usiulize tu kama yuko salama, maana atasema yuko salama. Uliza anafika wapi kwa miguu siku hizi. Uliza ni nani anayemchotea maji. Majibu hayo ndiyo ambayo Brass angeyataka.